Umri wa Jumba Letu

Shangazi yangu alifundisha chekechea miaka thelathini na moja, akastaafu, lakini ualimu haukumtoka mwilini. Kwake yeye jamii ni mtoto tu. Kwanza hulia, halafu hupora, halafu husema "changu!", halafu huchongea wenzake, na akibahatika hufika siku akafuata kanuni za mchezo hata mwalimu akiwa hayupo. Akisikiliza taarifa ya habari hutaja umri: "Hawa wana miaka mitatu. Wale wanarusha roketi angani, sawa, lakini bado wanang'ata wenzao. Miwili na nusu!" Mimi nina miaka thelathini na tisa kwa cheti. Kwa hesabu zake sijui, na sithubutu kuuliza.

Jumba letu lina nyumba kumi na nane na tangi moja la maji juu ya paa. Ufunguo wa chumba cha tangi alikuwa nao Shangazi, akipanda asubuhi na jioni kufungua koki. Wapangaji walipoudai, aliwawekea mtihani wa kila mwaka: bakuli la peremende kumi na nane kwenye ngazi, na karatasi, "Moja kila nyumba." Wakifaulu, ufunguo wao. Mwaka wa kwanza liliibwa hata bakuli. "Mwaka mmoja na miezi miwili," alitangaza, huku amefurahi vibaya sana. Miaka iliyofuata bakuli lilisalimika, ila peremende hazikukosa kupungua mbili tatu.

Mwaka huu nilikuwa nafagia ngazi saa tisa alasiri. Zilibaki tatu, na watu wa nyumba tatu walikuwa hawajarudi kutoka kazini. Jamani, tunafaulu! Mara nikasikia ndara. Shangazi huyo, akatazama juu, akatazama chini, akazizoa zote tatu.

"Shangazi!"

"Nilikuwa nahesabu," akasema, moja imeshavimbisha shavu.

"Kumbe miaka yote ni wewe!"

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikasirika kwelikweli. Yeye akakaa kwenye ngazi. "Wakishakua, wewe mtoto, mimi nitaamkia nini?" Hasira ikaniishia, nikaendelea kufagia.

Jioni wapangaji walikutana uani. Shangazi akasimama, akakohoa, akatangaza kwamba zimepungua tatu, mtihani wameanguka. Fundi cherehani wa ghorofa ya kwanza, mwanamke asiyejua kumumunya maneno, akanyanyuka.

"Mwalimu, dirisha langu linatazama ngazi. Tunajua tangu mwaka juzi."

"Nyote?"

"Sote. Maji yalikuwa yanatoka, na hatukutaka kukuumbua, tukanyamaza. Lakini sasa magoti yanakusumbua, na kule juu unapanda peke yako. Siku utakayoanguka nani atajua? Tupe ufunguo, Mwalimu wetu. Tafadhali."

Aibu ilimshika hata mimi nikamwonea huruma. Akautoa kifuani, akauweka mezani, akalia mbele ya watu bila kujificha.

Kesho yake maji yalichelewa saa nzima. Ngazi zote zikawa kelele: zamu ya nani, ufunguo kaacha wapi, mbona nyumba fulani hawapandi? Shangazi alishika kitasa cha mlango. Nilimtazama. Akakiachia, akarudi kukaa, akaniuliza kama kuna mchele wa kuchambua.