Upande wa Ukutani

Nilianza na kitanda, nyumba ikafuata. Hivyo ndivyo meli zilivyonifundisha. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa mbao pale bandari ya Port Bell, Kampala, nikitengeneza vyumba vya mabaharia kwenye feri zinazobeba mabehewa ya treni. Chumba cha baharia ni kidogo kuliko jiko la wenye pesa wa mtaa wa Ntinda, lakini kila kitu kimo: kitanda kimeingizwa ukutani, droo chini yake, rafu juu yake, meza ya kukunja. Hakuna inchi inayokaa bure. Shule niliiacha darasa la nne huko kwetu Kenya, ila chumba kile nilikisoma mpaka nikakijua kama kiganja changu.

Nilipoacha kazi nikajenga nyumba yangu Luzira, karibu na bandari, kwenye kiwanja cha jasho langu. Futi ishirini kwa kumi, mbao tupu, paa la bati. Umeme wa laini sikuutaka. Nina paneli mbili za sola juu, betri chini ya benchi, taa nne na redio. Maji ya mvua yanashuka kwenye tangi la lita elfu tano, yanapita kwenye mchanga na mkaa, yanatoka safi. Choo kiko nje, hatua sita kutoka mlangoni, hakitumii maji. Unamwaga vumbi la msumeno na hakinuki. Mabomba niliyanunua mwenyewe sokoni Nakivubo, nikabishania bei mpaka muuzaji akasema, "Mzee, chukua tu, uniache nipumue."

Majirani walisema Mkenya amejenga banda la kuku. Umeme ulipokatika kilima kizima, wakaja kwangu kuchaji simu. Sikuwakumbusha habari ya kuku. Naongopa, niliwakumbusha.

Siku ya kwanza mke wangu aliingia, akaizunguka mara moja, maana mara moja ilitosha. Akasimama mbele ya kitanda. Pande tatu ni ukuta, upande mmoja wazi.

"Na mimi nalala wapi?"

"Ukutani. Mimi nalala huku nje. Mwizi akija anikute mimi kwanza."

"Na nikitaka kutoka?"

"Unaniruka. Kwani mimi ni mlima?"

Akacheka. Tulikuwa tumelea watoto watano na kuwaoza, na kicheko chake nilidhani nakijua chote.

Mwaka wa pili hospitali wakamkuta na ugonjwa wa sukari. Sukari inampeleka mtu chooni kila mara. Hilo kila mtu analijua, hata mimi. Lakini mimi nikilala nimelala, na asubuhi nikimuuliza umelalaje, anajibu vizuri. Nikamwamini, kwa sababu kumwamini kulinifaa.

Watu walianza kuja Jumamosi kuiona nyumba. Wengine walitoka mbali, na magari yao, wakataka kujifunza kwa mtu asiyejua kuandika barua ya maana. Nilivimba kichwa. Nilikunja meza, nikaikunjua, nikafungua bomba wayaonje maji. Mke wangu aliwapa chai, yeye akakaa pembeni na kikombe kitupu. Nilidhani anaiogopa sukari. Hata chai isiyo na sukari hakunywa, na hilo nililiona, nikaliacha.

Kisha miguu yake ikavimba. Nikampeleka kliniki. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, anaandika bila kuinua kichwa.

"Mama, kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

"Maji tunayo," nikasema. "Tangi la lita elfu tano. Halijawahi kukauka tangu nilijenge."

"Nimemuuliza yeye, mzee."

Mke wangu akaniangalia kwanza. Halafu akamwambia, "Nakunywa asubuhi. Ikifika saa nane mchana, sinywi tena."

"Kwa nini?"

"Kitanda chetu, binti yangu. Nikinywa, lazima nimpande mzee huyu mara nne, mara tano. Magoti yananiuma. Na yeye amechoka, anafanya kazi."

Daktari akaacha kuandika. Mimi nilikuwa nimeshika kofia yangu, nikawa naigeuza tu.

Vipimo vilionyesha figo zimeharibika. Hakusema kitanda ndicho kilichoziharibu. Alisema sukari inaziharibu, na kukaa bila maji kunazidisha. Nikamuuliza, kunazidisha kwa kiasi gani. Akasema hilo hawezi kulipima. Mimi maisha yangu yote ni kupima, na sijui nilitaka anipe jibu gani.

Tulipofika nyumbani sikubadilisha nguo. Nikachukua msumeno, nikakata ukuta upande wake. Yeye alikaa kwenye kigoda chini ya tangi.

"Unaiharibu nyumba yako, baba watoto."

"Wewe kunywa maji."

Akanywa. Ilikuwa saa kumi na moja, jua bado lipo, na alikunywa bilauri nzima akinitazama juu ya ukingo wake kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Mpaka giza linaingia alikuwa na mlango wake, mdogo, wenye bawaba mbili na ngazi ya chini.

Aliutumia wiki sita. Halafu hospitali, halafu tukamsafirisha kwao, tukamzika.

Baharia hulala peke yake. Hilo ndilo sikulisoma kwenye chumba kile, na miaka yote nilikuwa ndani yake na futi ya kupimia mkononi.

Sasa nalala upande wake. Hivi karibuni nilikuwa nasafisha rafu iliyo juu ya kitanda, nikaona kitu. Rafu ni mbao ya mvule, niliipiga randa mimi. Ukingo wake wote hauna mng'ao, isipokuwa mahali pamoja, upana wa mkono, moja kwa moja juu ya pale kifua changu kilipokuwa. Hapo pamelainika, panang'aa. Fundi yeyote atakuambia, mbao haing'ai hivyo kwa kushikwa mara kumi, wala mara mia. Alikuwa akishika hapo kila akinivuka, kabla hajaamua ni nafuu akae na kiu.

Mwezi uliopita walikuja vijana wawili kutoka Ntinda, mtu na mkewe. Wanataka nyumba kama yangu. Nikawachorea kwa penseli, kitanda katikati, nafasi kushoto na kulia.

"Mzee, hapa unapoteza futi nne," kijana akasema. "Kwako kimeingia ukutani. Tulikipenda kile."

"Ndiyo, napoteza."

Sikumweleza zaidi. Nikamgeukia mkewe, nikamuuliza yeye hulala upande gani.

"Huyu hulala ukutani," mume akajibu.

"Nimemuuliza yeye."

Binti akamwangalia mumewe kwanza. Nikaweka penseli chini, nikangoja.