Upepo Kwenye Breki

Watu wa mtaa ule watakuambia kwamba fundi wa mashine za kufulia pale hospitalini alinunua pikapu ili afanye biashara ya kubeba mizigo. Usiwasadiki. Watu wa mtaa ule wakijua nusu ya jambo, nusu nyingine wanaijaza wenyewe. Ukweli ni kwamba alikuwa anapita nyuma ya tanuri la muuza mikate Jumamosi moja, akaiona imeegemea ukuta, matairi yamelala chini, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva, akauliza bei kama mtu anavyouliza saa. Muuza mikate akataja. Fundi akasema sawa. Kabla jua halijazama ilikuwa imevutwa kwa kamba hadi uani kwake.

Mkewe alikuwa barazani kwenye cherehani, akishona sare za shule. Aliinua macho.

"Hiyo nini?"

"Pikapu."

"Inatembea?"

"Haitembei."

"Sawa," mkewe akasema, akaendelea na pindo lake.

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa amefariki miezi saba nyuma kwa homa ya siku nne, ana miaka kumi na tisa. Siku ya kumi fundi alirudi kazini. Mashuka ya wodi alimofia binti yao yalipita kwenye mashine zake pamoja na mashuka mengine yote, naye akayatazama yakizunguka nyuma ya kioo, akitega sikio kama kuna beringi inayolia. Wenzake walisema anajikaza kisabuni. Lakini mtu anayejikaza ana kitu anachokizuia, na yeye alipojitafuta ndani hakukuta kitu cha kuzuia. Chakula kilikuwa chakula, usingizi ulikuwa usingizi. Hakulia msibani wala hakulia baadaye, na jambo hilo lilimsumbua kwa mbali tu, kama redio ya jirani.

Basi akawa na pikapu. Jumamosi akitoka zamu ya asubuhi, na Jumapili kutwa, alikuwa uani na ovaroli ya kazini iliyochakaa magotini. Aliifungua yote hadi ikabaki chasisi juu ya mawe. Kila bolti aliyoitoa aliifunga kikaratasi kwa uzi, na uzi aliuchukua kwenye kopo la mkewe bila kuomba, na mkewe alikuwa anauona unapungua bila kuuliza. Alikwangua kutu kwa brashi ya waya. Sakafu ya upande wa abiria ilikuwa imeliwa hadi unaona nyasi. Aliikata, akachomelea bati jipya, akapiga msasa mpaka kidole hakijui bati la zamani linaishia wapi. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi nzuri sana. Mwenyewe alikuwa anaiangalia tu.

Juu ya ukuta wa jirani kulikuwa na kichwa cha Mwalimu, mstaafu, mtu ambaye ujuzi wake wote wa magari aliupata kwa kukaa kiti cha nyuma.

"Hiyo shida yake ni plagi," alisema Mwalimu.

"Mwalimu, injini yenyewe iko chini ya meza, vipande vipande."

"Hata hivyo. Plagi usizidharau."

Ulipita mwaka. Siku moja, fundi akiwa anapaka puti kwenye mlango, mkewe alimletea chai, na badala ya kuiweka juu ya jiwe na kuondoka, akasimama.

"Hii itakwisha lini?"

"Sijui. Labda kabla ya mvua."

"Ikitembea, safari yake ya kwanza inibebee vitu vyangu. Nahamia kwa dada."

Fundi alishusha mkono. "Kwa muda gani?"

"Nimesema nahama. Sijasema naenda kumsalimia."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Wala mimi sijakukosea. Tunaishi humu ndani kama wapangaji wawili wasiojuana. Ningetamani hata tugombane, lakini nakuangalia naona hata ugomvi hutauweza. Mimi pia siuwezi. Kwa dada kuna kelele, kuna watu. Labda huko nitaamka."

Fundi alitafuta neno. Alilitafuta kwa dhati, nampa haki yake. Alipokosa, akasema, "Sawa."

"Nilijua utasema sawa," mkewe akajibu, akarudi barazani.

Mwanamume mwingine angetupa chombo chini, au angewaita shemeji na mawifi, au angalau angeacha puti ikauke. Yeye alipaka hadi mwisho wa mlango. Ningekuwa jirani yake badala ya Mwalimu, ningemmwagia ile chai. Maana alijua fika: kila bolti aliyoirudisha mahali pake ilikuwa inamsogeza mkewe karibu na lango. Angeweza kuchelewesha. Angeweza kusema vipuri hakuna. Lakini hakujua kufanya kazi vibaya, na tangu msiba ule mikono yake ndiyo iliyokuwa inaamua kila kitu. Hakuharakisha, hakukawiza.

Mkewe naye hakuwa nyuma. Alishona kifuniko kipya cha kiti kwa turubai la kijani, mshono mara mbili, kona zimekaa sawasawa. Alipomaliza alikivalisha kiti mwenyewe, akakipiga piga kwa kiganja, akasema kitadumu miaka kumi. Usiku wa wiki ile alitoa sanduku juu ya kabati akaanza kupanga nguo. Ukiwaona ungesema ni watu wawili wanaoshirikiana kuandaa sherehe, na kitu walichokuwa wanakiandaa ni kuachana.

Mwezi wa pili baada ya maneno yale injini iliwaka. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi uliofunika kamba za nguo, kisha ikatulia ikanguruma vizuri. Watoto wa mtaa walipanda ukutani kuangalia. Mwalimu alikuwepo, bila shaka.

"Nilisema plagi," alisema.

Ilibaki breki tu. Mkewe alimpigia simu dada yake akamwambia Jumatatu, na dada yake akamjibu kwamba chumba kiko tayari na godoro limeanikwa juani.

Sasa, breki za gari la aina ile zikishafungwa upya zinakuwa na upepo ndani ya mabomba, na ukikanyaga pedali inazama tu bila kukamata. Upepo huo lazima utolewe gurudumu moja moja, tena hutolewa na watu wawili: mmoja kwenye kiti, mguu juu ya pedali, mwingine chini ya gari na spana, akifungua na kufunga kinati kidogo nyuma ya gurudumu. Wasiposikilizana kazi haiendi. Fundi angeweza kumwita mwenzake wa kazini. Jumapili asubuhi akamkuta mkewe jikoni, amesimama karibu na sanduku lililofungwa mkanda, akamwambia anahitaji mguu wake.

"Kwa muda gani?"

"Saa mbili."

Alimweleza akiwa ameinama kwenye boneti. "Nikisema kanyaga, unakanyaga hadi chini, huinui. Nikisema inua, unainua. Ukifika mara kumi, unashuka, unakuja hapa." Akamwonyesha kikopo cha plastiki chenye mafuta ya breki, ambayo yalikuwa yanaonekana kwa nje. "Yakishuka hadi mstari huu, ongeza kwa hili kopo. Yakiisha humu, pampu inavuta upepo upya, na magurudumu yote manne tunarudia mwanzo."

"Nimeelewa," mkewe akasema. Alikuwa mwanamke wa kuhesabu vifungo vya sare mia mbili bila kukosea kimoja, na fundi hakuona haja ya kurudia.

Walianza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na pampu. Fundi alikuwa amelala chali, mrija mwembamba umetoka kwenye kinati umeingia kwenye chupa ya maji.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Mapovu yakatoka.

"Inua."

"Nimeinua."

Yalikuwa maneno manne, lakini kwa nyumba ile yalikuwa mengi. Kila mara kumi alikuwa anaviona viatu vya mkewe vya kandambili vinashuka, vinazunguka mbele, vinasimama, anasikia kifuniko kinafunguliwa, mafuta yanamiminwa, kifuniko kinafungwa. Vinarudi. Gurudumu la kwanza likaisha, la pili, la tatu. Sauti ya mkewe juu ya bati ilikuwa tulivu, na mara moja fundi alijikuta amesema kanyaga kabla hajashika spana vizuri, kwa sababu tu alitaka kusikia nimekanyaga.

Gurudumu la nne, lile la mbele upande wa dereva, lilitoa mapovu machache kisha mafuta safi. Zikabaki mara chache za kuhakikisha. Kandambili zikashuka. Zikaenda mbele. Zikasimama hapo kwa muda. Fundi alikuwa anafuta spana, akaona kimya kimekuwa kirefu, lakini hakukiwazia. Zikarudi, mlango ukafungwa.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Inua."

Mara ya tatu mrija ulileta povu moja. Mara ya nne ukaleta mfululizo, chupa ikaanza kutema. Alifunga kinati upesi, lakini mguu juu yake ulikuwa unaendelea kukanyaga bila kuambiwa, unashuka, unapanda, na kila ukipanda alikuwa anaisikia pampu inavuta upepo. Ilibidi amzuie. Na hapo ndipo lilipomkuta jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: hakuwa na jina la kumwita.

Binti yao alipokuwa na miaka miwili alimeza kitufe cha shati. Nyumba nzima ilikesha siku tatu ikichunguza choo chake, na kitufe kilipotoka salama mama yake alikiosha akakishona tena kwenye shati. Tangu siku ile mtoto akaitwa Kitufe, na wao, kama wazazi wote, wakawa Mama Kitufe na Baba Kitufe, kwa kila mtu na hata wao kwa wao. Majina yao ya ujana yalikuwa yamekwisha kazi. Binti alipofariki hawakupanga wala kukubaliana, lakini hawakuitana tena. Mmoja akimhitaji mwenzake alimwendea alipo, akamgusa bega au akakohoa.

Chini ya gari hufiki bega la mtu.

"Mama Kitufe," aliita fundi. "Acha. Mama Kitufe, acha."

Mguu ukaacha.

Alijivuta akatoka, akasimama, akaenda kwenye boneti. Kikopo kilikuwa kikavu hadi chini. Kopo la mafuta lilikuwa palepale pembeni, nusu nzima imebaki, kifuniko kimekazwa. Alizunguka hadi dirishani. Mkewe alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kwenye gari lisiloenda popote.

"Umesahau kuongeza?"

"Sikusahau. Nimeyaona yameshuka chini ya mstari. Nikayaangalia tu. Mara zote zilizotangulia nilikuwa najiambia ongeza, nikaongeza. Safari hii sikujiambia kitu, nikarudi kukaa."

"Dada yako anakungoja kesho."

"Najua."

"Leo hatumalizi tena. Wala kesho."

"Najua hilo pia. Ulinieleza vizuri." Kisha akasema, bila kumtazama, "Umeniita."

"Nilitaka uache kukanyaga."

"Hata hivyo umeniita."

Fundi alirudi kwenye boneti, akafungua kopo, akajaza kikopo hadi juu. Mafuta yakafurika, yakamwagikia bawa la tairi, kwenye rangi aliyoipaka kwa wiki tatu, na mtu yeyote anayeshika magari anajua kwamba mafuta ya breki yanakula rangi. Aliyaona yanateremka. Hakuchukua kitambaa.

"Tunaanzia wapi?" mkewe aliuliza kutoka ndani.

"Nyuma. Lile la mbali."

Alijiingiza chini, akalala chali, akachomeka mrija kwenye kinati, akatia spana. Kila kitu kilikuwa tayari. Alifungua mdomo aseme kanyaga, na neno halikutoka. Kilichomjia hakikuwa nafuu. Kilikuwa uchungu, wa bintiye, wote kwa pamoja, umechelewa karibu miaka miwili, na nyuma yake woga wa kuachwa ambao alikuwa ameukwepa miezi yote ile kwa kusema sawa. Alikuwa analia. Kwa kuwa alikuwa amelala chali machozi hayakushuka mashavuni. Yalikwenda pembeni yakamwingia masikioni, na kwa muda akasikia dunia kama mtu aliye ndani ya maji.

"Nikanyage?"

Alijifuta sikio kwa mgongo wa mkono.

"Baba Kitufe. Nikanyage?"

"Ngoja," alisema, na sauti yake ilikuwa imeharibika kabisa, mtu yeyote angejua analia. "Ngoja kwanza."

Juu yake kiti kililia kidogo, mkewe akabadilisha mkao. Mguu haukutoka kwenye pedali.

"Nangoja," alisema.