Harusi Iliyongoja Sebene

Katika mafundi cherehani wote wa Kongo waliopanga mashine zao kwenye vibaraza vya katikati ya Durban, hakuna anayejua kudharau watu kama Papa Apollinaire wa Uvira. Wengine hudharau kwa mdomo. Yeye hudharau kwa mguu: mteja akianza upuuzi, anakanyaga pedali ya cherehani mpaka maneno ya mtu yanafia ndani ya kelele.

Dharau yake ilikomaa kwa sababu ya sanduku la santuri. Jirani yake kule mtaa wa Point, bibi mmoja mzungu, alihama gorofa akaliacha koridoni pamoja na gramafoni, na Apollinaire, mtu asiyependa kitu kiharibike bure, akaviokoa. Zote zilikuwa za country, muziki wa zamani wa wachunga ng'ombe wa Marekani: wanaume wenye makofia mapana, farasi, na nyuso za watu waliokimbiwa na wake zao. Alikaribia kuzitupa. Kisha akageuza jalada moja, akaona picha ya mwanaume aliyeketi mbele ya kitu chenye miguu ya chuma, mikono juu yake, viatu kwenye pedali.

"Fundi mwenzangu!" akapiga kelele. "Mama Carmel, kuja uone! Huyu mzungu anashona!"

Mke wake Yvette alikuja, mtoto mgongoni, akatazama. "Hiyo haiko cherehani, Papa Carmel. Ni gitaa."

"Gitaa gani inalala kama mgonjwa?"

Alibisha mpaka santuri ilipozunguka. Gitaa ile ikalia. Mpigaji hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi huku mguu ukikanyaga, na sauti inavutika, inapinda, inatua taratibu, kama hariri inayopita chini ya sindano bila mkunjo. Fundi akanyamaza. Na kunyamaza, kwa Apollinaire, ni habari ya kutangazwa redioni.

Tangu hapo muziki mwingine wote duniani ukawa takataka. Magitaa ya Kikongo? "Yanakimbia kama mtu asiye na karatasi ameona polisi." Kwaya ya kanisani? "Mbuzi ndani ya ndoo." Majirani wakambatiza Kauboi. Yeye akawabatiza Viziwi, wote kwa jumla, asijisumbue na majina.

Sasa yule mtoto wa mgongoni, Carmel, aliyelelewa kwenye mapaja ya baba yake santuri zikizunguka, akakua, akapata mchumba: Niyongabo, Mrundi mpole wa duka la simu. Apollinaire akaomba kitu kimoja tu katika harusi nzima. Binti yake aingie ukumbini kwa ile gitaa ya chuma, wimbo mzima, bila mtu kuugusa.

"Mtoto wangu ataingia kama maiti?" akauliza Yvette.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu maharusi hawaingii kwa kutembea, wanaingia kwa kucheza. Wimbo huanza polepole, kila mtu anasubiri, halafu inafika sebene: magitaa yanachemka, waimbaji wanakaa pembeni, na mstari wa wasindikizaji unalipuka kwa hatua zilizofanyiwa mazoezi mpaka majirani wa chini wamegonga dari. Serge, DJ aliyekodiwa, aliusikiliza wimbo, akaomba kwa heshima.

"Papa, iko sharp. Lakini unipe ishara sebene ikikaribia."

"Haina sebene."

"Ha-i-na?" Serge alicheka mpaka akavua vifaa vyake vya masikioni.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Apollinaire akaweka santuri kwa mkono wake. Gitaa ikalia. Wageni wakasimama, vitambaa vya mkono juu hewani. Mlangoni wasindikizaji walikaa tayari, kila mmoja mguu mmoja mbele.

"Inakuja," mtu akanong'ona.

"Bado. Huo ni mwanzo tu."

"Mrefu, eh! Wa kizungu."

Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukaingia. Mikono ikachoka juu kule. Hakuna aliyesogea. Hapo ndipo Apollinaire alipoona jambo ambalo akili yake yote kubwa haikuliwaza: watangoja hivyohivyo, wimbo ufe, na binti yake bado yuko mlangoni. Akakimbilia kule.

"Carmel, mama yangu, tembea!"

"Papa, sebene iko wapi?" akauliza Ghislaine, msindikizaji wa mbele.

"Haina! Haina sebene!"

"Eish!"

Carmel akamtazama mama yake, ambaye alikuwa anatikisa kichwa. Akamtazama baba yake. Mguu wa kulia wa mzee ulikuwa unakanyaga sakafu tupu, kama yuko kwenye cherehani.

"Hawa wangoje sebene yao," akasema. "Niyo, twende."

Akamshika mchumba wake mkono, wakatembea wawili tu, polepole, gauni alilolishona baba yake likiteleza nyuma. Walikaa kwenye viti gitaa ilipotua.

Vitambaa bado viko juu.

"Munangoja nini?" Apollinaire akafoka. "Imeshapita, viziwi nyinyi!"

Yvette akasimama. "Bibi harusi hajaingia."

"Si huyo amekaa!"

"Amekaa. Lakini hajaingia."

Ukumbi mzima ukakubali, mchungaji wa kwanza. Maharusi wakainuliwa, wakarudishwa mlangoni, Serge akafungua sauti mpaka vioo vikatetemeka, na Carmel akaingia mara ya pili, kihalali.

Cédric, mpiga video, aliukata ule mwingio wa kwanza. Alidhani ni majaribio ya spika. Kwa hiyo leo mgeni akifika Point, Apollinaire anaisimamisha video kabla haijaanza. "Kabla ya hapa, mtoto wangu aliingia. Mimi niliona. Hivi vingine ni vurugu." Halafu anaiachia, na mbele ya mstari, koti wazi, kiuno kinazunguka, jasho linamwagika, yuko mzee mmoja anayewashinda vijana wote.

"Papa Apollinaire, huyo si wewe?"

Anasogea karibu na televisheni, anakunja uso.

"Huyo? Kiziwi mmoja tu. Sijui nani alimwalika."