Fundi wa Faiba na Taa ya Kijani

Kabla ya kushika kebo, fundi wa faiba hufuta vidole vyake kwenye suruali, kimoja kimoja, kama anayevihesabu. Namalwa, karani wa mzani wa mahindi, amemtazama tangu Jumatatu na bado haelewi kitu. Kebo ni moja, inatoka ofisini hadi godauni, na ndani yake mna nyuzi kumi na mbili za kioo, nyembamba kama nywele. "Madam, hii ni mdomo na sikio," humwambia kwa sauti ya kanisani. "Mdomo wa huku uingie kwa sikio la kule. Sasa hapa mdomo umekutana na mdomo." Kisha hukigeuza kichwa cha kebo juu chini, hukisukuma kikwame, na kuvuka uwanja akipiga mluzi, bila kutazama nyuma. Hurudi akitikisa kichwa.

Leo mzani bado hauna mtandao, malori ya Rongai yamejaa hadi barabarani, na bosi, Gurpreet, ameshampigia simu fundi mwingine. Namalwa akauliza kwa aibu, "Fundi, ile taa ya kijani hapa kebo inapoingia, huwa unaizima ya nini?"

"Kijani gani?"

"Huwa inawaka ukiwa hapo uwanjani. Ukifika godauni, inazima."

Fundi akatazama godauni. Kumbe kule alikuwa akigeuza tena, mdomo ukirudi kwa mdomo. Akakigeuza kichwa cha hapa, akangoja. Kijani. Akaikalia mikono yake yote miwili. "Madam," akanong'ona, "usiniache niende huko."

Namalwa, asiyejua bado mdomo ni upi na sikio ni lipi, akafunga mlango kwa ufunguo.