Mwalimu, Andika Hayupo

Dada yangu ni dobi. Miaka kumi na mbili ameshika pasi, na viganja vyake vimekuwa sugu kiasi kwamba anaipua sufuria ya moto bila kitambaa. Tunamtania kwamba siku moja atapiga pasi kwa mikono mitupu.

Alhamisi ile binti yake wa miaka saba aliamka mnyonge, chai hataki. Dada akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Huna joto, mama. Vaa viatu." Kiganja kile kingeijuaje homa? Mimi nilikuwepo, nimechelewa kazini, natafuta mkoba wangu. Sikumgusa mtoto, na najilaumu mpaka leo.

Hilo lilikuwa kosa letu. La shule sijalisamehe.

Saa nne mtoto alimwambia mwalimu kichwa kinamuuma. Akaambiwa akilaze kwenye dawati. Saa sita akatapika. Wakamfuta, wakamrudisha pale pale. Hakuna aliyepiga simu, na namba ya dada ipo kwenye daftari la mahudhurio! Aliyetuita ni mama anayefagia shule, alikuja kwa dada akihema. "Kamchukue mwanao, anachemka."

Dada alichomoa pasi, akaacha shati la mtu mezani, akanipitia kazini, tukakimbia. Tulimkuta mtoto amelalia daftari, midomo imemkauka. Dada akaweka shavu lake kwenye shingo ya mwanawe, ndipo akajua. Akanitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena.

"Mbona hamkuniita?"

Mwalimu, kijana mpole wa sauti ya chini, alionyesha bendera ya kijani juu ya ubao. "Mama, hii hupewa darasa ambalo halikukosa mtoto hata mmoja mwezi mzima. Imebaki leo na kesho tu. Angeondoka kabla sijaita majina ya mchana, angehesabiwa hayupo. Hata wenzake walimwomba avumilie."

Eti avumilie! Mtoto mdogo vile avumilie homa kwa ajili ya kipande cha kitambaa! Nilifungua mdomo nimpe vidonge vyake, dada akanishika mkono.

"Lete daftari, mwalimu."

"Mama, tungeongea kidogo..."

"Asubuhi nilikosea mimi, nilikuletea mgonjwa. Sasa andika hayupo. Na kesho andika hayupo, na wiki ijayo, mpaka apone."

Mwalimu aliandika polepole, kama anayesaini kukiri kosa. Darasa zima likaguna. Watoto arobaini walimkodolea macho mwenzao mgonjwa, na hakuna hata mmoja aliyemwambia pole. Nani aliwafundisha hivyo?

Dada akambeba mwanawe mgongoni. Tulipofika getini, mtoto alifungua macho.

"Mama, nirudishe. Watanichukia."

Dada alimpandisha vizuri mgongoni, akaongeza mwendo kuelekea zahanati, na mimi nyuma yake nikifuta machozi ya hasira.