Karibu Niliyompa Lalla Itto

Nilisikia kwanza. Kabla sijaona mtu, nilisikia chanuo la chuma likipigilia nyuzi nje ya mlango wetu: ta, ta, kimya, ta. Sauti hiyo haina kazi hapa Hallonbergen, mtaa wetu huku Ulaya kaskazini. Ghorofa letu ni la saruji, majirani ni watu wa kujifungia, na hakuna anayefuma. Utasema ni mabomba ya joto. Hata mimi nilijiambia hivyo. Lakini ninachokusimulia kilitokea kweli, nami nilikuwa macho, jikoni, namenya viazi. Ilikuwa alasiri ya Desemba, wakati ambapo huku giza limekwisha kuingia na watu bado wako kazini.

Sauti ile niliijua. Niliisikia mwaka huohuo, theluji ya milimani ilipokuwa inayeyuka, mimi na mume wangu Musa tulipokwenda Moroko kutembea kwa miguu katika milima ya Atlasi. Kiongozi wetu aliitwa Brahim, Mberberi wa hukohuko, ingawa wenyewe hupenda kuitwa Waamazighi. Tulikuwa pia na baghala, mnyama wa kubeba mizigo, aliyenidharau tangu siku ya kwanza. Tulipita vijiji vya udongo mwekundu vilivyong'ang'ania mlima, na chini yake miti ya jozi na vishamba vya shayiri. Kila nyumba iliyotulaza ilitupa mkate wa moto, mafuta, asali, na chai ya mnanaa iliyomiminwa kutoka juu mpaka ikatoa povu. Glasi tatu. Ukiinuka kabla ya ya tatu, umemvunjia heshima mwenyeji.

Katika kijiji cha juu kabisa tulipokewa na Lalla Itto. Lalla ni neno lao la heshima, kama sisi tunavyosema Bibi. Alikuwa mjane mwenye tojo la kijani kidevuni, na kutwa alikaa mbele ya kitanda chake cha kufumia, chanuo mkononi. Brahim alituambia mwanawe wa pekee alishuka kwenda Ulaya zamani na hakurudi. Jioni ile Lalla Itto alimpa Musa bakuli la mwanawe, akamtazama akila hadi Musa akaona haya.

"Bibi kanipenda huyu," Musa aliniambia kwa Kiswahili. "Angalia usiibiwe mume."

"Akuchukue tu, nipumzike na mkoromo wako."

Tulicheka. Asubuhi, tukiagana, nikasema kile ambacho mtu yeyote wa Tanga angesema. Hata wewe ungesema. Nilimwambia, karibu na kwetu, Bibi, nyumba yetu ni yako, na vyote vilivyomo ni vyako. Brahim akatafsiri. Lalla Itto hakutabasamu. Aliweka mkono kifuani, akauliza kitu.

"Anauliza, vyote?" akasema Brahim.

"Vyote!"

Ndivyo tulivyolelewa. Karibu kwetu ni kama salamu. Nani huipima?

Basi, alasiri ile ya Desemba nikafungua mlango, na Lalla Itto alikuwa amesimama kwenye ngazi, chanuo mkononi. Nje theluji ilikuwa inaanguka tangu asubuhi. Viatu vyake vilikuwa vikavu.

"Hodi, mwanangu," akasema. Kwa Kiswahili, niamini. Kiswahili cha Tanga, kile kile cha bibi zangu.

Ningefanya nini? Mgeni hasimamishwi mlangoni. Nilimketisha, nikachemsha chai, akanywa glasi ya kwanza. Alikuwa kwenye ya pili Musa aliporudi kutoka kiwanda cha malori kule Södertälje. Alivua viatu, akamwona, na kilichonitisha ni kwamba hakushangaa. Alikwenda kuketi chini, karibu na miguu yake.

"Umekonda, baba," Lalla Itto akamwambia.

"Kazi, mama," Musa akajibu.

Mama! Nilimwita Musa kwa jina. Hakugeuka. Lalla Itto alimaliza glasi ya tatu, akaiweka mezani, akanishukuru vizuri sana.

"Sasa namchukua mwanangu. Ulisema vyote."

"Yale yalikuwa maneno tu, Bibi."

"Kwetu hakuna maneno tu."

Musa alikuwa ameshainuka, anatafuta koti lake. Hapo nikafanya jambo ambalo kwetu halifanywi. Nilimshika Musa mkono, nikamwambia mgeni aliyekunywa chai yangu: "Toka. Sikukaribishi. Neno langu nimelirudisha."

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto.

"Karibu hairudishwi, mwanangu. Ukininyima mimi, itamwangukia mwingine humu ndani."

Akatoka. Nilichungulia dirishani kwa muda mrefu, hakuna aliyepita chini. Kesho yake nilimpigia simu Brahim. Aliniambia kwamba Lalla Itto walimzika tangu Septemba, wakati wa kuvuna jozi, na zulia lake lilibaki nusu.

Musa alibaki. Nilidhani nimeshinda. Lakini tangu siku ile alianza kuomba ruhusa kufungua friji. Aliketi ukingoni mwa kochi, akala kidogo, akashukuru kila mlo, akaacha kukoroma. Usiku alilala chali, mikono kifuani, kama mtu aliyeazimwa kitanda. Daktari alimpima akasema ni mzima. Nilimwonyesha picha za harusi yetu. Alisifu nguo yangu.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayesoma: usimpe mtu nyumba yako kwa mdomo mtupu, hasa mtu anayengoja. Siku hizi mimi nikiaga watu nasema kwaheri tu, bila karibu, na wananiona nina majivuno. Waache.

Februari, Jumapili mchana, nilimkuta Musa amekunja shuka zake na kuziweka vizuri juu ya kitanda. Amevaa koti.

"Asanteni kwa ukarimu," akasema. "Mmenitunza sana."

"Musa, unakwenda wapi? Hapa ni kwako."

Akatabasamu kwa adabu. "Wenyeji wema wote husema hivyo."

Akainama kufunga kamba za viatu. Kisha akauvuta mlango polepole, kama mgeni asiyetaka kusumbua, nao ukafungika nyuma yake.