Wageni Walipopewa Zizi la Ndani

Ukame wa miaka ile ya mwisho ya tisini ulinikuta nyumbani, kama kila kitu kinavyonikuta. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kazi yangu kubwa pale Minjila ilikuwa kumshika ndama mama akikamua. Ng'ombe wa nyumbani alikuwa mmoja, mzee, masikio yamejaa kupe. Kila asubuhi mama aliwachomoa akawatupa kwenye kigae cha makaa.

Kaka yangu alichunga nyikani, mbali na mto, ambako ukavu hauwapi kupe nafasi. Mvua ilipokataa na majani yakaisha, akaleta ng'ombe wake wote bondeni. Hao ndio waliokuwa maisha yake.

"Bado unalinda sufuria, fomu foo?" akanisalimu.

"Haijapotea hata moja."

Akamgeukia yule ng'ombe mzee. "Mama, huyu ni ng'ombe au ni shamba la kupe?"

"Nyamaza wewe. Bila huyo ungekunywa chai ya rangi."

Kwetu mifugo iliyotoka mbali hupewa zizi la ndani, na wa nyumbani hulala nje. Mama mwenyewe aliondoa miiba mlangoni. Tangu ukame uanze, kila kundi lililokimbilia mto lilikuwa limelala humo, na kila kundi liliacha kupe wake. Josho la kuwaogeshea mifugo dawa ya kupe nalo lilikuwa limekauka. Hakuna aliyewaza hayo. Mgeni hulazwa ndani, basi.

Kabla mwezi mwingine haujaandama, matezi yalivimba chini ya masikio ya ng'ombe wa kaka. Wakaacha kula, wakakohoa, povu likawatoka puani. Ndigana, homa iletwayo na kupe. Kaka alikwenda Garsen kutafuta dawa. Aliporudi nayo, wengi walikuwa hawainuki tena. Yule mzee wetu alicheua tu. Ugonjwa huo aliupata akiwa ndama, akapona, na mwili wake ukauzoea. Wa kaka hawakuwahi kuujua.

Wa mwisho alipokufa, kaka hakurudi nyikani. Angechunga nini? Asubuhi alikuja jikoni akakaa karibu nami, karibu na sufuria. Nilikuwa na neno la kumtania, tena tamu. Nikalimeza.

Mama alipomaliza kukamua, kaka akainuka bila kuambiwa. Akainama kwa yule mzee, akaanza kumchomoa kupe masikioni, polepole. Mama akamsogezea kigae.